Kitone chekundu: Nikkor tatu za zamani kwenye mkanda wa infraredi

Nikionyesha zile picha za minazi ya Raskazone ikiwa myeupe pepe watu wanadhani nimechezea kompyuta, jirani yangu mmoja akaniuliza theluji imeanguka lini hapa Tanga mbona hatukuambiwa. Hamna kompyuta hapo bana, ni mkanda wa Rollei Infrared 400, filta ya Hoya R72 na lenzi ya Nikkor (ndo jina la lenzi za Nikon) 50mm f/2 AI ambayo imenizidi umri. Mpaka hapo kila mtu anafurahi, halafu yule mwenye kamera kwenye kundi anauliza la kwake pembeni: mbona za kwako ziko kali, mi nimenunua filamu hiyohiyo na filta hiyohiyo, zimetoka kama nimepiga nikiwa na matongotongo? Huyo ndo namwandikia leo.

Kwa wenye haraka: 50mm f/2 nyota tano, 28mm f/2.8 AI-S nyota nne, 135mm f/3.5 tatu na nusu, na lenzi yangu ya plastiki ya autofokasi, ambayo jina silitaji, haipati kitu, ingawa siku za kawaida ndo naitumia kuliko zote hizo na kwa picha za rangi inazipiga chenga bila wasiwasi. Sizipimi hapa kwa ukali wa kioo wala kwa uzuri wa mandhari ya nyuma kulegea, nazipima kwa jambo moja, je lenzi inanisaidia kuweka fokasi ya mwanga ambao jicho langu haliuoni?

Maana shida yenyewe ni hiyo. Jicho la mtu linaishia kwenye nanomita 700 na ushee, R72 inazuia karibu kila kitu mpaka 720, na Rollei 400 inaona mpaka kama 820. Kwa hiyo picha yako yote inachorwa na kile kipande kidogo cha kuanzia 720 mpaka 820, na hicho hukioni, wewe umeweka fokasi kwa kijani na njano ambazo filta itazitupa zote nje. Sasa kioo hakipindi mawimbi marefu sana kama kinavyopinda mafupi, infraredi inakutana nyuma zaidi ya pale mwanga wa kawaida unapokutana. Yani lenzi ikiwa imekaa sawasawa kwa jicho lako, kwa infraredi imekaa pungufu, inabidi itoke mbele kidogo tena, kama vile unafokasi kitu kilicho karibu zaidi.

Kidogo kiasi gani? Wazee wa hii kazi wana kanuni yao kwa lenzi isiyo na alama: itoe mbele sehemu moja ya 400 ya fokali yake, yani ile namba ya milimita kwenye jina la lenzi. Kwa 50mm ni milimita 0.125, unene wa karatasi ya daftari na kidogo. Ukisikia hivyo unacheka, karatasi moja tu ndo iniharibie picha? Ila ukiipiga hesabu utakuta kitu kizuri sana, kwamba kutoa lenzi sehemu moja ya 400 ni sawasawa na kuifokasi kwenye umbali wa fokali mara 400. Lenzi ya 50mm mara 400 ni mita 20. Kwa hiyo ukitaka mlima wa mbali kabisa uwe mkali kwenye infraredi, lenzi ya 50mm inatakiwa isomeke kama inaangalia mti ulio mita 20, sio ile nane iliyolala (∞), alama ya mbali kabisa. Kwa 28mm ni mita 11 na kitu, kwa 135mm ni mita 54. Hiyo hesabu nimeiandika kwa kalamu ya maka ndani ya kifuniko cha begi langu na imeshaniokoa mara nyingi kuliko mwamvuli.

Ila mwenye Nikkor ya zamani hahitaji kalamu ya maka. Angalia pale kwenye pipa la lenzi, karibu na ile mistari ya rangi ya kusomea kina cha fokasi (yani kiasi cha mbele na nyuma kinachobaki kikali), kuna kitone chekundu kidogo kuliko punje ya mtama. Mi nilikaa na hii lenzi miaka miwili nikidhani ni alama ya kiwandani. Kumbe ndo mahali pa kuhamishia fokasi ukipiga infraredi. Unafokasi kawaida bila filta, unasoma umbali uliosimama kwenye mstari wa katikati, tuseme 5, halafu unazungusha pete mpaka ile 5 isimame mbele ya kitone chekundu. Basi. Hakuna betri hapo wala menyu ya kuchagua.

Nilitaka kuona kwa macho yangu, si unajua mambo ya kusimuliwa. Nikapanga chupa saba za soda juu ya ukuta wa uani, kwa mshazari, kila moja sentimita 20 nyuma ya mwenzake, nikazibandika vipande vya gazeti maana ule wino mweusi unabaki mweusi hata kwenye infraredi wakati baadhi ya wino za rangi zinapotea kabisa unabaki na karatasi tupu. Kamera kwenye stendi, mita 2 kamili mpaka chupa ya katikati, nimepima kwa futi ya fundi. Tundu wazi kabisa f/2 (namba ya f ikiwa ndogo tundu ndo kubwa) ili uongo usipate pa kujificha. Pozi la kwanza nikafokasi kwa jicho chupa ya katikati, nikafunga filta, nikapiga bila kugusa kitu. Pozi la pili nikahamishia ile 2 kwenye kitone chekundu.

Nimesafisha, nimekausha, nimeiweka negativu dirishani na kioo cha kukuzia. Pozi la kwanza chupa ya katikati maandishi yake hayasomeki, yamevimba kama mkate ndani ya chai, lakini chupa ya nyuma yake unasoma mpaka tarehe ya gazeti! Fokasi imerudi nyuma kama sentimita 20 hivi, na ukiipiga kwa ile kanuni ya 400 inakuja sentimita 22. Pozi la pili chupa ya katikati imetulia, kali. Mke wangu alikuja kuangalia mtu mzima anayeruka uani kwa sababu ya chupa za soda, akarudi ndani bila kusema kitu.

Sasa kabla hujakimbilia kununua nikwambie kinachokera, maana kipo. Kwenye kamera ya reflex, ile unayochungulia kupitia lenzi hiyohiyo inayopiga, huwezi kufokasi filta ikiwa juu, R72 kwa jicho ni nyeusi kama sufuria la kuni. Kwa hiyo kila pozi ni safari: toa filta, panga picha, fokasi, soma namba, hamisha, funga filta, piga, toa tena. Na ule wakati wa kufunga filta ya kuzungusha, pete ya fokasi nayo inazunguka kidogo na vidole vyako, ukija kugundua umeshapiga pozi sita. Mkanda wangu wa pili ulienda hivyo. Siku hizi nabana pete kwa mkono wa kushoto kama nimeshika shingo ya kuku, nafunga filta kwa vidole viwili vya kulia, halafu naangalia tena kitone kabla ya kubonyeza. Kwa mandhari ya mbali nafanya mara moja tu, naweka nane iliyolala kwenye kitone chekundu, nabandika kipande cha selotepu juu ya pete, na siku nzima siigusi tena. Wenye Yashica za lenzi mbili au kamera za rengifainda wanatucheka hapa, wao hawachungulii kupitia lenzi inayopiga, filta inakaa muda wote na wanaona kila kitu. Ila na wao kitone wanakihitaji vilevile.

Kitu kilichonifanya nibaki na familia hii ya Nikkor ni cha kijinga kabisa: zote tatu zina uzi wa filta wa milimita 52. Nikon waling'ang'ania huo uzi kwenye lenzi zao nyingi za miaka ile, na R72 sio filta ya kununua mbilimbili. Moja inahama kutoka lenzi hadi lenzi, imetosha.

28mm f/2.8 AI-S ni lenzi nzuri kuliko 50 ukiniuliza siku yoyote nyingine, vioo 8, ina ule mfumo wa vioo vinavyosogea ndani ili picha za karibu zisilegee, inafokasi mpaka sentimita 20. Kwenye infraredi nimeipa nne kwa sababu ya ajabu kidogo, kwamba kitone chake karibu hakina kazi. Lenzi fupi inahitaji kusogezwa milimita 0.07 tu, na ukiwa f/8 kina cha fokasi kimeshameza hiyo tofauti yote na chenji inabaki. Nimepiga mitaa ya mjini, zile nyumba za zamani za karibu na bandari zilizoota miti kwenye kuta, f/8, fokasi ya kukadiria kwa macho, kila kitu kikali kuanzia mita mbili mpaka mwisho wa barabara. Ndo lenzi ya kumpa anayeanza. Ila haimfundishi kitu, ataizoea, siku akishika lenzi ndefu atalia.

Hapa niingilie ule ushauri unaosikia kila mahali, "we funga tundu f/11 sahau habari za kitone". Una ukweli nusu. Kina cha fokasi pale kwenye filamu hakijali lenzi ni ndefu au fupi, kinajali tundu, kwa hesabu za kawaida f/4 inasamehe kama milimita 0.12 kila upande, f/8 kama 0.24, f/11 kama 0.33. Sasa linganisha: 50mm inadai 0.125, ndo maana kwenye lenzi nyingi za 50mm hicho kitone utakikuta maeneo ya mstari wa f/4. Ukifunga f/11 umefunikwa vizuri. 135mm inadai 0.34, ukifunga f/11 uko ukingoni kabisa mguu mmoja nje. 200mm inadai nusu milimita, hapo hata f/16 inakuokoa kwa shida. Na usidhani utaendelea kufunga tu mpaka f/22, mwanga ukipita tundu dogo unatawanyika, na infraredi inatawanyika zaidi kwa sababu wimbi lake ni refu, f/11 ya infraredi inalegeza picha karibu sawa na f/16 ya mwanga wa kawaida. Mi f/8 mpaka f/11 ndo nyumbani kwangu, sivuki hapo.

Haya, 135mm. Hii niliipanda nayo Lushoto mpaka Irente, pale kwenye ule mwamba unaotazama bonde la Mazinde, kama hujafika nenda tu hata bila kamera. Bonde liko chini sana, mbali, na kwa macho siku nyingi lina ule ukungu wa buluu unaofuta kila kitu. Ndo sababu ya kubeba infraredi, mawimbi marefu hayatawanywi na hewa kama buluu inavyotawanywa, kwa hiyo ule utando wa mbali unayeyuka na anga linatoka jeusi. Ila angalizo, ni utando wa hewa tu, wingu na ukungu wa maji wenyewe infraredi haiupenyi, asubuhi ya kwanza nilikaa juu ya mwamba saa mbili nzima natazama weupe mtupu kama maziwa.

Siku ya pili kukawa kweupe. Pozi la kwanza nimeliweka kwenye nane iliyolala kwenye mstari wa kawaida, f/8, makusudi. Pozi la pili nane kwenye kitone chekundu. Pozi la tatu nikaweka nane katikati ya mstari na kitone. La kwanza limelegea picha nzima, sio kwamba kuna sehemu iko kali, hakuna, kwa sababu fokasi ya infraredi imepita hata mbali ya mbali, hakuna kitu duniani kilichoko huko. La pili zuri, unaona mistari ya mashamba ya mkonge imepangwa kama nywele zilizosukwa. La tatu? Zuri zaidi ya la pili, kidogo, unahitaji kioo cha kukuzia lakini lipo.

Nimerudia nyumbani kwenye minara ya simu, ni hivyohivyo. Nadhani naelewa kwa nini: kitone kimoja hakiwezi kujua utapiga filamu gani. Zama zile infraredi kwa wengi ilikuwa Kodak HIE, ile ilikuwa inaona mpaka kama nanomita 900, wameacha kuitengeneza 2007. Rollei inaishia 820, kwa hiyo haijaenda mbali kiasi kile na fokasi yake haihitaji kuhamishwa kote. Kwenye 50mm f/8 hiyo tofauti sikuiona kabisa. Kwenye 135 inaonekana, basi nikakata nyota. Sio kosa la lenzi, lakini nyota ni zangu. Na mwenye Ilford SFX 200, hiyo inaishia kama 740, kwa kweli ni nyekundu ndefu kuliko infraredi yenyewe, mi nikiipiga na 50mm nasogeza nusu ya safari na sijawahi kujuta.

Rafiki yangu wa Muheza yeye ni mtu wa Pentax, ana Super-Takumar 50mm f/1.4, na tulipozikutanisha lenzi zetu mezani ndo nikajifunza kwamba hizi alama huwezi kuziazima. Takumar hiyo ina toleo la mwanzo la vioo 8 na la baadaye la vioo 7, jina usoni ni lilelile, na watu wanazitofautisha kwa kile kimstari chekundu cha infraredi, kwenye ya vioo 8 kiko kulia kwa namba 4 ya kina cha fokasi, kwenye ya vioo 7 kiko kushoto. Kioo kimebadilika ndani, safari ya infraredi nayo ikabadilika, wakahamisha alama. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia chora tu kitone cha rangi ya kucha kwenye lenzi yako isiyo na alama kwa kunakili kwa mwenzako, mwambie asante. Ile kanuni ya 400 ni ya kuanzia, halafu panga chupa zako mwenyewe.

Sasa ile ya plastiki. Nilikuwa nayo kabla sijajua haya, haina mizani ya umbali, haina kitone, haina hata mstari, ni pete laini na mota ndani. Tukaenda Pangani familia nzima, nikapiga pantoni, nikapiga minazi ya ng'ambo, nikapiga watoto. Kwa filta juu autofokasi ilikuwa inaenda mbele na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikaizima, nikafokasi bila filta, halafu nikakumbuka nimesoma mahali kwamba infraredi lazima usogeze kidogo, ila upande upi sikumbuki, nikajisemea infraredi inafokasi mbali basi nipeleke mbali. Wapi! Ilitakiwa kuileta karibu. Na lenzi nyingi za autofokasi zinaruhusu kuvuka hata ile nane iliyolala, kwa hiyo badala ya kusahihisha kosa nililizidisha mara mbili kwa mkono wangu, pozi 36 zote, hakuna hata moja yenye jicho la mtu linaloonekana ni jicho. Mama bado ana moja ameiweka kwenye fremu, anasema anapenda ilivyo kama ndoto. Simbishii mama.

Kwa hiyo kama lenzi uliyonayo haina mizani, usiipeleke kwenye infraredi, au kaa f/11 na vitu vya mbali kidogo na lenzi fupi na uombe Mungu. Zoom za zamani ni habari nyingine, kuna Nikkor za kusukuma na kuvuta zenye mstari mwekundu uliopinda badala ya kitone, kwa sababu kila fokali ina safari yake. Unasoma pale mstari unapokata fokali uliyopo. Inafanya kazi ila mi macho yangu hayana subira hiyo juani. Lenzi za vioo vya kurudisha mwanga, zile fupi nene za 500mm zenye doa jeusi katikati, kioo cha kuakisi hakitenganishi mawimbi, kwa hiyo kero hii ndogo sana kwao. Nilishika moja siku moja dukani, tundu lake f/8 halibadiliki, nikaiacha, na saivi naijutia.

Kamera ninayofungia hizi Nikkor tatu ni Nikon FM, ya gia tupu, betri ni ya mita ya mwanga tu. Hiyo ina faida zaidi ya kujivunia uzee, kamera nyingine za autofokasi zinahesabu matundu ya filamu kwa kataa kadogo ka infraredi ndani, kwa filamu kama HIE kataa hako kalikuwa kanaunguza ukingo wa picha. FM haina taa ya namna hiyo. Kwenye kioo cha kuchungulia kuna ile duara iliyokatwa katikati, unalinganisha mstari wa ukuta juu na chini, hiyo ndo fokasi ya uhakika kabla ya kwenda kwenye kitone, kama ya kwanza umekosea na ya pili inakosewa. Mita usiiamini filta ikiwa juu, imepimwa kwa mwanga wa macho sio huu. Mi juani kweupe naanza f/11 kwa sehemu 1 ya 15 ya sekunde, halafu napiga nyingine sehemu ya 8 na nyingine ya 4, maana kiasi cha infraredi kinabadilika na saa na majani. Kwa spidi hizo stendi ni lazima, ukishika mkononi utalaumu fokasi bure wakati mkono ndo umetetemeka. Mkanda wenyewe ufunge na kuufungua kivulini, ndani kabisa ikiwezekana, ile plastiki yake inasafirisha mwanga kutoka mdomoni mwa kopo mpaka ndani kama bomba la maji.

Na hapana, hii infraredi sio ile ya joto. Mjomba aliniuliza kama inaweza kuonyesha mtu mwenye homa. Haionyeshi homa, haionyeshi jiko lililozimwa jana, inaonyesha jua lililoakisiwa na majani, ndo maana mnazi hai unang'aa na kuti kavu la paani linabaki kijivu.

Upatikanaji: 50mm f/2 ndo rahisi kuliko zote kwa sababu watu wote wanakimbilia f/1.4 na f/1.8, hii inabaki kwenye makabati ya mafundi wa kamera na watu wanaiuza pamoja na mwili mbovu. Ukiikuta, kabla hujauliza bei zungusha pete kutoka mwanzo mpaka mwisho, iwe na uzito uleule njia nzima. Pete iliyolegea itahama yenyewe ukifunga filta na kitone chako hakitakuwa na maana, pete iliyokauka grisi utavunja vidole. Fangasi kidogo pembeni mi naivumilia. Ya kwangu ilikuja na fangasi, na ndiyo iliyopiga ile minazi.

135 bado siiuzi. Nimebandika kakaratasi keupe katikati ya mstari wa kawaida na kitone chekundu, nimekaandikia R4 kwa kalamu ya ncha nyembamba, maana yake Rollei 400, na mkanda mmoja uliobaki uko kwenye friji chini ya mfuko wa dagaa ukisubiri kiangazi nirudi nao Irente.